Hawachoki, Mbwa wa Amana

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena mimi. Nasema hivyo bila maringo, ingawa wanaonijua watacheka. Nimeona lori langu likibiringika nje ya barabara karibu na Segera, dereva akatokea dirishani akauliza kama mzigo umepona. Nimeona wasomi wenye vyeti vya kujaza kabati wakija kuniomba kazi ya kuhesabu magunia, na mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyekuwa nawahoji. Hapa Kabuku nina nyumba ya wageni, nina mashine ya kusaga, nina malori matatu yanayotembea, na mbele ya kila lori pameandikwa MARA SABA kwa rangi nyekundu. Vijana wanadhani ni kwa sababu lori langu la kwanza lilikuwa la tani saba. Wengine wanadhani najisifu kwamba nina nguvu za watu saba. Huwa nawaacha.

Lakini mwezi uliopita mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, aliteremka kwenye basi akaingia hotelini kwangu. Aliagiza chai ya rangi bila sukari na kiazi kitamu, akakaa benchi la nje akitazama lori likipakiwa mahindi. Aliyasoma yale maandishi, akaangalia paa la nyumba, akayasoma tena. Kisha akaniita kwa kidole kama mtu aliyezoea kuita. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akauliza lile lori ni la tani ngapi. Nikamwambia saba. "Na nyumba ya bati ndiyo hii?" "Ndiyo hii, mzee wangu, na nyingine iko nyuma." Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi siku ile hukuwa unadanganya. Yule mbwa alijua kuliko sisi wote." Hapo nikamtambua. Alikuwa Bwana Mhina, aliyekuwa bwana mifugo wetu wakati wa vijiji vya ujamaa, na mimi nikiwa mtu mzima wa kuitwa babu nikajikuta nimekaa chini kwenye kizingiti cha hoteli yangu mwenyewe. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alipokuwa anaondoka akanitania, "Wewe ni mtu wa hesabu. Niambie, yule mbwa alikugharimu kiasi gani jumla?" Nikacheka, nikamzungushia maneno mengine. Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha.

Mwaka tuliohamishiwa kijijini nilikuwa kijana mwenye ndevu chache na maneno mengi. Kabla ya hapo watu wa kwetu walikaa mbalimbali, kila mtu na mji wake kichakani, moshi wa jirani unauona lakini sauti yake huisikii. Malori yalikuja kiangazi kutukusanya. Sikukaa kuandika haya ili nimlaumu mtu. Zahanati tuliipata kule, na shule, na wanangu walijifunzia kusoma humo. Ila siku yenyewe ya kuhama ilikuwa ya vumbi na kelele. Mji wa mwisho upande wetu ulikuwa wa Bibi Mwanahawa, mjane ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata akawa anamjua mtu kwa kikohozi chake. Mgambo walipoanza kuangusha paa lake la nyasi, mbwa wake akasimama mlangoni akibweka. Alikuwa jike jekundu, mwembamba, sikio moja limechanika kama jani la mgomba. Mgambo mmoja alichomoa fito kwenye paa lile lile akamcharaza mbavuni, na wakati huo huo lori likaunguruma, na mbwa akatokomea porini asionekane. Bibi alikuwa ameshapandishwa, amekumbatia kinu chake, tenga la kuku miguuni. Aliita jina langu, nikasogea. "Mjukuu wangu, Hawachoki yuko wapi?" Nikamwambia amekimbia. Akasema, "Mimi binti yangu ananichukua Korogwe, nikatolewe huu ukungu hospitali. Nakuachia mbwa wangu. Ni amana, umesikia? Nikirudi nitamdai kwako." Mimi nikajibu kama nilivyozoea kujibu: "Mbwa tu, bibi? Wiki moja atakuwa ananifuata kama kivuli."

Jina lile alilitoa marehemu mumewe. Kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani; mtu anasemwa sana, ananunua mbwa anamwita jina la kuwajibu, na kila jioni anamwita kwa nguvu ili wasikie. Mzee yule alikuwa amechoshwa na wasengenyaji, ndipo akampa mbwa jina Hawachoki. Wasengenyaji wenyewe walishakufa, na mzee akafa, mbwa akabaki anabeba ugomvi usiokuwa wake.

Mimi nilikaa kwa shangazi yangu Mwajuma. Nyumba za kijiji zilijengwa haraka haraka, zimepangwa mstari kama meno, kuta za fito na udongo ambao haukuwahi kukauka vizuri. Ndani mlinuka udongo mbichi na moshi. Ukikohoa, jirani wa upande wa pili anakwambia pole. Mvua ilikuwa imekataa na mahindi yalikauka yakiwa magotini, tukawa tunakula ule unga wa njano wa msaada, yanga, ambao ukiusonga ugali wake unakuwa kama mchanga, na mlenda ndio uliousaidia kushuka kooni. Ukoko wa chini ya sufuria, ambao zamani tulimtupia kuku, sasa watu wazima waliugombania. Fungu langu la ukoko nililikunja kwenye jani la mgomba nikampelekea mbwa kule mahameni, kwenye mji wa Bibi uliobomolewa, na kupitia ukuta nilimsikia jirani yetu, Mama Asha, akimwambia mumewe: "Watu hawajashiba, mwenzetu anapeleka posho porini. Na huyo mbwa hata kumwona hajamwona." Shangazi naye alisikia. Alisema kwa sauti ya kuvuka ukuta, "Mwache. Akili zikiisha, miguu itachoka."

Kweli sikuwa nimemwona. Nilikuta nyayo zake tu kwenye majivu, na chakula nilichoacha jana kimekwisha. Nikauliza wawindaji, maana Wazigua ni watu wa mbwa na nyavu, kila mmoja ana ujuzi wake. Wote waliniambia jambo moja: nyamaza. Ingia upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako, usikanyage kikavu, usikohoe, mpaka umfikie. Mimi nilijivunia kutembea bila kusikika, hata kanga nimewashika kwa mkono. Basi nikanyata. Siku ya kwanza kumwona alikuwa amelala kwenye mafiga ya Bibi, ukuta wa jiko umeanguka nusu, na nilimfikia karibu hatua za kumrushia kamba kabla hajafumbua macho. Aliporuka alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mnyama, akajikojolea huku anakimbia. Nikarudia kesho yake na keshokutwa, kimya zaidi kila mara, na kila mara alikwenda mbali zaidi. Nikatega kitanzi na mfupa. Akanasa, akakata kamba kwa meno, na kwa muda mrefu hata nyayo zikapotea kwenye majivu. Nilidhani ameliwa na chui. Nilijiona nimempoteza mbwa wa mtu asiyeona, ambaye hakuwa amebakiwa na kitu kingine kule kichakani.

Siku nilipokata tamaa nilikwenda bila kunyata. Nilikuwa na hasira na jua lilikuwa kali. Nilikaa kwenye jiwe la mafiga, nimeupa mgongo msitu, nikaanza kusema peke yangu kwa sauti. Kwanza nilimtukana mgambo, kisha wawindaji, kisha Mama Asha. Matusi yalipoisha nikaanza kusema mipango yangu. Lazima mjue hali ilivyokuwa: wakati ule mtu akitaja kuwa na kitu chake peke yake anaitwa kupe, mnyonyaji, bepari, na jina likikushika halikuachi. Kwa hiyo ndoto zangu nilikuwa nimezifungia kifuani. Pale mahameni palikuwa hapana wa kunisikia, nikazifungulia. Nitanunua lori la tani saba, nikasema. Nitajenga nyumba ya bati Kabuku barabarani, kila gari litasimama kwangu. Nitakuwa na mashine ya kusaga, na shangazi hatatwanga tena. Nikiwa nimefika kwenye mashine nikasikia jani la mgomba likichakurika. Sikugeuka. Alikuwa anakula nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi. Nikanyamaza ili nisimtishe, na mara ile ile akakimbia.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilielewa nikiwa njiani narudi, nikacheka peke yangu. Bibi Mwanahawa haoni. Mtu asiyeona hutembea akisema: napita hapa, nainama hapa, ondoka miguuni, hili jiwe la nani. Mbwa yule tangu akiwa mtoto alijua kwamba binadamu mwema anasikika kabla hajafika. Anayekuja kimya ni mwizi, au ni mgambo mwenye fito. Ujuzi wote wa wawindaji niliomletea ulikuwa unamwambia kwamba mimi ni adui. Tangu hapo nilianza kusema tokea kwenye kijia, kabla hata mahame hayajaonekana, na nilipomaliza habari za kweli nilisema za kujisifu, ambazo sikuwahi kupungukiwa. Nadhani hakuna kiumbe aliyepata kunisikiliza vile, hata mke wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akisinzia nikifika kwenye lori la pili.

Ndipo akaja, kidogo kidogo. Alikula nikiwa nimempa mgongo, baadaye ubavu, baadaye uso. Fimbo niliiacha nyumbani, hata nikikutana na nyoka nikawa nampisha. Halafu siku moja, nimeshika ukoko kiganjani, nikieleza jinsi nitakavyovaa saa, akaula mkononi mwangu na kuulamba mkono mpaka katikati ya vidole. Ulimi ulikuwa wa moto. Sikujua niweke wapi uso wangu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni Mwislamu na ninakaa kwa shangazi Mwajuma.

Anayejua dini yetu anajua: ute wa mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kumfuga wa ulinzi si kosa, na watu wengi walifuga, lakini walimtupia chakula kigaeni na wakakaa mbali naye. Na mwaka ule kisima chetu kilikuwa kimebaki tope; wanawake walipanga ndoo tangu alfajiri, na aliyepata ndoo moja alishukuru. Mimi nilifika pale na kibuyu changu, nikasugua mkono kwa udongo, nikamimina, nikamimina tena, nao wananitazama. Mama Asha ndiye aliyewavunja mbavu wenzake. "Wenzangu, tazameni. Sisi hatuna maji ya mara moja, bwana mkubwa ananawa mara saba." Mwingine akasema, "Labda anataka kuoa." "Keshaoa huko porini, ndiyo maana anaoga." Walicheka mpaka ndoo zikayumba. Jioni ile jina la Mara Saba lilishafika kila nyumba, kwa zile kuta zetu. Shangazi alinitengea sahani yangu na kikombe changu, akaniambia, "Mkono huo hauingii sufuria yangu. Na maji ya kuuosha uyatafute mwenyewe, baba." Basi nikawa nakwenda kuchimba mwenyewe kwenye mchanga wa korongo, mbali, ambako maji hutoka kwa matone, ili nisimnyang'anye mtu haki yake. Maji yale yalinifundisha subira kuliko mwalimu yeyote, ingawa walimu wangu hawakuwa wengi.

Mvua za vuli zilipokaribia, mwenyekiti wa kijiji alituita mkutanoni. Kulikuwa na habari za kichaa cha mbwa vijiji vya jirani, mtu alikuwa ameshakufa. Bwana mifugo angekuja na sindano, na pamoja naye mtu wa bunduki. Mwenyekiti akasema wazi, na sikumwona vibaya maana ugonjwa ule hauna mchezo: mbwa atakayeshikwa na mwenyewe atachomwa sindano, asiyeshikika atapigwa risasi. Alipomaliza akanitazama. "Na yule wa mahameni pia. Mara Saba, umesikia?" Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nitamleta mwenyewe, bila kamba. Watu wakaguna. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, hutangulia, mimi nikaufuata.

Siku yenyewe nilimtoa mahameni asubuhi, nikisema njia nzima. Alinifuata mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji, mkia umebanwa, tumbo linagusa nyasi. Tukaingia kwenye kiwanja cha ofisi, na mbwa wengine wameshikwa na wenyewe kwa kamba na minyororo, Bwana Mhina kijana mwenye koti jeupe anachoma mmoja mmoja. Yote yangekwenda salama, ila dereva wa Landrova iliyowaleta aliona afadhali asogeze gari kivulini. Injini ilipounguruma Hawachoki alipiga lile yowe lake, akapita katikati ya miguu ya watu, akajitupa kwenye ua wa mkonge nyuma ya ofisi. Mtu wa bunduki akalizunguka ua, akapiga goti. Nikasimama kati yake na ua. Mwenyekiti akasema, "Toka hapo, kijana. Ulisema unashika, hukushika." Bwana Mhina akainua mkono. "Mwache amwite. Mara moja. Asipokuja, utupishe."

Kumwita nilijua hakufai. Jina lile alishaitwa kwa hasira kutosha. Kilichofaa nilikijua, nacho kilikuwa kile nisichotaka mtu yeyote pale akisikie. Niliwatazama watu: shangazi, Mama Asha, mwenyekiti, kijiji kizima. Kisha nikakaa chini kwenye vumbi, nikaupa ua mgongo, nikaanza. "Nitanunua lori, Hawachoki. La tani saba." Kicheko cha kwanza kilitoka kwa vijana. "Nitajenga nyumba ya bati, Kabuku, barabarani pale." Mwenyekiti akauliza, "Lori la nani? La kijiji?" Sikuweza kunyamaza, wala kudanganya kwa sauti ile sikuweza, maana mbwa alikuwa anaijua. Nikasema, "Langu. Na mashine ya kusaga, yangu. Na saa ya mkononi, na viatu vya ngozi vinavyolia." Mtu akapiga kelele nyuma, "Kupe kapata mbwa wake," na kiwanja kizima kikaangua kicheko, ila mwenyekiti hakucheka. Niliendelea. Nikafika kwenye lori la pili, nikafika kwenye safari ya Tanga kupeleka mahindi, nikawa sina kingine cha kusema ikabidi niwabuni wanangu ambao sikuwa nao. Kicheko kikapungua. Kisha nikaona uso wa shangazi umebadilika, anatazama nyuma yangu, na pua ya baridi ikanigusa kiwiko.

Alilaza kichwa kwenye paja langu. Nilimshika kwa mikono miwili nikisema bila kukoma, na Bwana Mhina akaja, naye mwenyewe akianza kunena tokea mbali, "Haya, nakuja mama, nakuja na sindano, hii hapa," kumbe alishaelewa. Akamchoma. Mtu wa bunduki akaenda kunywa maji. Shangazi alikuja na ndoo yake mwenyewe, ile aliyoipangia foleni tangu alfajiri, akaiweka mbele yangu akasema, "Nawa hapa." Akasimama akanihesabia, na ile ya udongo akanisugua mwenyewe.

Kuanzia hapo nililipia maneno yangu. Kila mkutano lazima mtu aniulize lori limefika wapi. Nilipoomba barua ya kwenda kutafuta kazi mjini, mwenyekiti alinicheleweshea mpaka masika. Lakini jambo likishasemwa mbele ya kijiji kizima huna namna ila kulitenda, na nikitazama nyuma naona kwamba ningezifungia ndoto zile kifuani, zingeozea humo. Miezi ile Hawachoki alilala mlangoni kwetu, nje, na akija mgeni anayekohoa alinyamaza, akija anayenyata alibweka. Mama Asha mwenyewe akawa anamtupia vichwa vya dagaa. Nilianza kusahau kwamba si wangu.

Masika ilipokwisha ukaja ujumbe kwa mdomo wa mtu aliyetoka Korogwe. Bibi Mwanahawa alitolewa ukungu jicho moja, jingine halikufaa. Harudi kijijini, anabaki Masuguru, huko huko Korogwe, kwa binti yake. Anamtaka mbwa wake. Shangazi alisikia, akasonga ugali, akapakua. "Amana," akasema. Nikamwambia najua. Nilikuwa na fedha kidogo ya kibarua cha kukata mkonge, niliyoiweka kwenye kopo. Tulitembea mpaka barabarani. Basi lilipofika injini ikiunguruma, alitetemeka lakini hakukimbia. Alinitazama mdomo, nami nikasema. Kondakta alikataa, abiria wengi ni Waislamu, mbwa atawagusa. Nikasema atakaa miguuni pangu nyuma kabisa. Akasema akichukua nafasi ya mtu atalipa kama mtu. Nikalipa.

Bibi alikuwa amekaa uani, kwenye mkeka, anachambua mchele na lile jicho lake jipya. Nilianza kusema tokea kwenye kona ya nyumba. Akainua uso. "Mjukuu wangu, hiyo sauti yako haijapungua." Hawachoki alisimama, akamnusa hewani, na alipomsikia akimwambia sogea miguuni, hili jiwe la nani, alikwenda akijikunja kama mtoto, akajilaza kwenye upindo wa kanga yake. Bibi akampapasa sikio lililochanika, mbavu, mgongo. "Amenenepa," akasema. "Mwaka wa njaa, na amenenepa. Ulimpa nini?" Nikasema nilimpa maneno. Akacheka mpaka akafuta machozi, ya jicho zima na ya jicho bovu. Nikala wali kwake, nikanawa, nikaaga.

Alinifuata. Sikumsikia, maana nilikuwa nimenyamaza. Nilipogeuka kituoni alikuwa yuko nyuma yangu, na basi lilipokuja, yule aliyekuwa akikimbia injini alitangulia mlangoni akakaa, ananisubiri nipande, maana ndivyo nilivyomfundisha. Binti wa Bibi akaja anakimbia na kamba. Ilibidi nimfunge mimi, kwa kuwa mwingine asingeweza. Sikusema neno lolote wakati nafunga, na anayekuja kimya ni nani, yeye alijua.

Sasa Bwana Mhina, jibu lako ni hili, nimekaa nimeipiga hesabu vizuri. Ukoko sihesabu, maji yalikuwa ya Mungu. Nauli ya Korogwe ilikuwa shilingi nne na senti hamsini. Kwenda nililipia wawili, kurudi nikalipia mmoja. Shilingi kumi na tatu na senti hamsini.